Narudi kufuga farasi baada ya miaka mingi, safari hii naanza na poni mchanga: nizingatie nini?

Malisho_Mapya

Habari wakuu. Nilifuga farasi wazima kwa muda, wote wakiwa wameshafunzwa kabla hawajafika kwangu, kisha nikaacha miaka mingi. Sasa narudi. Ninayemchukua ni poni dume wa miezi 7, ameachishwa ziwa, hajahasiwa. Mama yake ana kimo cha sentimita 122, baba yake karibu hapo hapo. Watu wamemshika mara chache tu. Kamba ya kichwani anakubali kuvaa lakini hajui kuongozwa.

Eneo ninalo: malisho yenye uzio wa mbao, banda lililo wazi upande mmoja, maji ya kutosha. Ninachotaka kujua ni kipi kati ya nilivyozoea kinamfaa mtoto na kipi hakimfai. Zamani dawa ya minyoo nilitoa kila wiki 8, nikibadilisha aina kila safari. Bado ndivyo? Nafaka apate kiasi gani? Anaweza kukaa peke yake miezi michache ya mwanzo mpaka nipate wa pili? Na kumfunza nianze lini, kubeba mtu lini?

---

Zizi_Wazi

Karibu tena kwenye ufugaji, mkuu. Nianze na swali la upweke kwa sababu hilo linatakiwa kuamuliwa kabla hajashuka kwenye gari: usimlete peke yake. Poni wa miezi 7 ametoka juzi kwa mama yake. Akikosa farasi mwenzake hatembei, hali vizuri, anazunguka uzio mpaka anapungua, au anakugeuza wewe kuwa mwenzake wa kucheza. Watoto wa farasi huchezeana kwa kuumana shingo, kusimama kwa miguu ya nyuma na kurushiana mateke. Sasa ana kilo mia na kidogo, unaweza kudhani ni utani. Akiwa na kilo 200 hali itakuwa nyingine.

Mwenzi bora ni wa rika lake pamoja na farasi mzima mmoja mtulivu. Wa rika lake atacheza naye, na mzima atamfundisha adabu: akimsogelea wakati anakula analaziwa masikio nyuma, asiposikia anasukumwa. Hakuna binadamu anayeweza kufundisha hilo kwa haraka na usahihi kama huo. Ukipata mmoja tu, mchukue mzima mtulivu aliyewahi kukaa na watoto. Asiwe jike ambaye hajafungwa kizazi, kwa sababu nitakayoiachia wataalamu hapo chini. Mbuzi ni afadhali kuliko ukuta, lakini hafanyi kazi ya farasi.

Uzio wa mbao ni mzuri. Kagua ubao wa chini. Watoto hulala wakabiringika kando kabisa ya uzio, na mguu ukipita chini ya ubao anaamka akiwa upande wa pili au amenasa. Misumari iliyochomoza ipigwe. Kama kuna kipande chochote cha seng'enge ya miiba, hata kilicholala kwenye majani, kiondoe chote. Wavu uwe na matundu madogo ambayo kwato haiwezi kupenya, na ukumbuke kwato yake ni ndogo kuliko za farasi uliowazoea. Na usimwache malishoni na kamba ya kichwani. Mtoto hujikuna sikio kwa mguu wa nyuma, kwato ikiingia kwenye kamba anaanguka na kuvunja shingo au mguu.

Akifika, mtenge na farasi wengine kwa wiki 3, waonane lakini wasigusane pua wala kunywa ndoo moja. Ugonjwa wa matezi ya koo husambaa kwa pua, ndoo na mikono yako. Pima joto kila asubuhi na uandike. Farasi mzima huwa kati ya nyuzi 37.5 na 38.5, mtoto anaweza kuzidi kidogo. Homa hutangulia usaha kwa siku kadhaa, kwa hiyo kipimajoto kitakuambia kabla macho yako hayajaona kitu.

---

Pima_Kwanza

Kwenye chakula ndipo wanaorudi hukosea zaidi, kwa sababu macho yao yamezoea farasi wazima wanaofanya kazi. Huyu hafanyi kazi. Kazi yake ni kuota mifupa, na mifupa inataka protini bora na madini kuliko inavyotaka nguvu.

Tupige hesabu. Poni wa kimo hicho akikomaa huwa na kilo 220 hivi. Akiwa na miezi 6 au 7 huwa ameshafikia karibu nusu ya uzito wake wa utu uzima, na zaidi ya asilimia 80 ya kimo chake. Kwa hiyo wako yuko kwenye kilo 105. Mtoto wa umri huo hula kwa siku asilimia 2.5 hadi 3 ya uzito wake, tukihesabu chakula kikavu. Hiyo ni kilo 3 za nyasi kavu au zaidi kidogo. Mwekee kilo 3.5 za nyasi laini zenye majani mengi, zigawe mara nne, au ziache kwenye hori zisiishe. Nyasi ngumu zenye mabua zinajaza tumbo bila kumjenga, na ndiyo maana unaona watoto wenye tumbo kubwa na mgongo uliochongoka. Wengi wakiona tumbo lile hudhani amenenepa, wanapunguza chakula, na mambo yanaharibika zaidi.

Juu ya nyasi ongeza nusu kilo ya lusini (alfalfa) iliyokauka. Inaleta kalsiamu na lisini, ile sehemu ya protini ambayo mtoto akiikosa haukui msuli hata kama protini kwa jumla inaonekana ya kutosha. Kisha peleti za madini za farasi wanaokua, kipimo kama kilivyoandikwa kwenye mfuko. Angalia shaba na zinki ziwemo. Chumvi iwe wazi muda wote. Maji ni lita 5 kwa siku kwa kila kilo 100 za uzito kama kiwango cha chini, na kwenye joto akila nyasi kavu huongezeka sana.

Nafaka: kwa poni mwenye nyasi nzuri, jibu langu ni sifuri. Wanga mwingi humkuza kwa kasi kuliko gegedu za ncha za mifupa zinavyoweza kukomaa. Dalili utaziona juu ya kifundo cha mguu wa mbele au juu ya goti: pana, gumu, wakati mwingine lina joto, na mguu unaonekana umebanwa katikati. Kano nazo huvuta, anaanza kusimama wima kwenye kifundo. Ukiona hivyo ondoa nafaka siku hiyo hiyo, acha nyasi na madini, na uite daktari wa mifugo. Ila usimshindishe njaa. Poni anayenyimwa chakula ghafla huyeyusha mafuta yake kwa kasi hadi damu na ini vinazidiwa, na hali hiyo huua.

Pumba za ngano ziache. Fosforasi yake ni nyingi mara kadhaa kuliko kalsiamu, wakati mtoto anahitaji kalsiamu iwe karibu mara 2 ya fosforasi, na isishuke kamwe chini ya kiasi cha fosforasi. Fosforasi ikizidi, mwili unachota kalsiamu kutoka kwenye mifupa. Baadhi ya nyasi za nchi za joto, kama setaria na kikuyu, zina oksaleti zinazofunga kalsiamu isitumike, kwa hiyo kama malisho ni ya aina hiyo lusini si anasa.

Na hili naliandika kwa herufi kubwa: CHAKULA CHA KUKU AU NG'OMBE KISIINGIE KWENYE NDOO YAKE. Vingi vina monensini, dawa inayochanganywa kwenye chakula cha mifugo. Kuku anaivumilia, ng'ombe pia, lakini kwa farasi kiasi kidogo tu huharibu misuli ya moyo na hakuna dawa ya kuirudisha. Usitumie hata kijiko kimoja kwa vyakula vyote viwili.

Mpime kwa utepe mara moja kila wiki 2, saa ile ile, kabla hajala, mahali pale pale nyuma ya miguu ya mbele. Utepe una makosa kwa watoto, lakini mwelekeo wa namba hausemi uongo. Tarajia gramu 200 hadi 250 kwa siku mpaka atimize mwaka. Kinachotakiwa ni mstari usioruka. Mbavu uzisikie kwa vidole bila kuzitafuta, usizione.

---

Darubini

Mimi nafanya kazi ya maabara ya mifugo, nitajibu la minyoo na la kuhasi.

Utaratibu wa dawa kila wiki 8 kwa zamu umeachwa. Ulitokana na mapendekezo ya miaka ya 1960, na matokeo yake ni minyoo sugu. Sasa tunahesabu mayai kwenye kinyesi kwanza, tunatibu panapohitajika, kisha tunahesabu tena baada ya siku 14 kuona kama dawa imefanya kazi. Mayai yasipopungua, dawa hiyo kwenye shamba lako imekwisha kazi, badilisha.

Lakini mtoto si sawa na mzima. Mzima mwenye mayai machache unaweza kumwacha. Mtoto ana adui wake maalumu, mnyoo mkubwa mviringo anayeitwa Parascaris, mrefu kama penseli mbili, anayepita kwenye ini na mapafu kabla ya kutulia kwenye utumbo. Farasi hujenga kinga dhidi yake kadiri anavyokua, kwa kawaida mwaka wa kwanza ukipita tatizo hupungua. Wako wa miezi 7 yuko kwenye mpaka: anaweza kuwa na huyu, na wale wadogo wa utumbo mkubwa, au wote. Ndiyo maana kipimo cha sasa hivi ni cha lazima, na maabara iseme ni mayai ya aina gani.

Usalama ni huu: Parascaris amekuwa sugu kwa ivermektini sehemu nyingi duniani. Na akiwa mwingi tumboni, dawa inayompooza kwa mkupuo, kama ivermektini au piranteli, inaweza kuacha donge la minyoo iliyokufa likaziba utumbo. Hapo ni upasuaji au kifo. Daktari wako huenda akaanza na fenbendazoli, ambayo huua taratibu zaidi. Moksidektini kwa mtoto mwembamba ni hatari, maana dawa hiyo hukaa kwenye mafuta na yeye hana. Kipimo cha dawa kifuate uzito wa kweli. Ukikadiria kilo 80 kumbe ana 110, umefuga usugu. Okota kinyesi malishoni mara 2 kwa wiki, usiwalishe watoto chini kwenye udongo, na usitegemee kuacha malisho yapumzike msimu mmoja, kwani mayai ya Parascaris huishi ardhini miaka.

Chanjo: pepopunda haina mjadala. Kama mama alichanjwa na mtoto hajaanza, ni dozi 2 zenye pengo la wiki 4 hadi 6, kisha ya tatu akikaribia mwaka. Kama historia ya mama haijulikani, mwambie daktari, ratiba hubadilika. Chanjo nyingine hutegemea magonjwa yaliyopo unapoishi.

Kuhasi: kati ya miezi 6 na 18, kokwa zote mbili zikiwa zimeshuka. Wengi hungoja mwaka ili "aote shingo". Kwa poni wa matumizi sioni faida. Akiwa mdogo mishipa ni myembamba, damu ni kidogo na anapona upesi. Chagua kipindi chenye nzi wachache. Hakikisha pepopunda imekamilika kabla. Baada ya upasuaji apumzike saa 24, kisha atembezwe mara mbili kwa siku kila siku, kwa sababu kusimama tu ndiko kunakoleta uvimbe. Matone ya damu ni kawaida. Kama yanatoka haraka kiasi kwamba huwezi kuyahesabu, na hali imedumu robo saa, piga simu kwa daktari. Kama kitu chochote kinaning'inia kutoka kwenye jeraha, piga simu bila kusubiri. Dume mchanga anaweza kumpa jike mimba hata kabla ya miezi 15, na aliyehasiwa bado ana mbegu njiani, hivyo mtenge na majike mwezi mzima baadaye.

---

Msumeno_na_Tupa

Kwato sasa. Za mtoto hukua haraka kuliko za mzima, kwa hiyo kila wiki 4 hadi 6, na kila safari ni tupa kidogo tu. Hata kama hakuna cha kukata, miguu inuliwe.

Jambo moja wasilokuambia wauzaji: mguu uliopinda hunyooshwa wakati ncha ya mfupa bado inakua. Kwenye kifundo cha chini muda huo umeshapita kwa poni wa miezi 7. Gotini bado upo. Mtu akikuambia atanyoosha kifundo kwa kukata upande mmoja wa kwato katika umri huu, mkatalie. Mfupa hautafuata, utakachopata ni kiungo kinachobeba uzito upande mmoja maisha yake yote. Kuanzia sasa kwato hulinganishwa na mguu alionao.

Kabla ya kununua, mwone akitembea kukujia na kukuacha kwenye ardhi ngumu tambarare. Mwangalie kwa pembeni pia: mstari wa mbele wa kwato na mstari wa mfupa ulio juu yake viwe vimeelekea pamoja. Mbele ya kwato ikisimama wima kama ukuta katika umri huu, kano zimeanza kuvuta, na gharama itakuwa juu yako.

---

Malisho_Mapya

Nashukuru sana wakuu, hasa hilo la monensini, sikuwahi kulisikia. Mawili yamebaki. Muuzaji ananishauri nimzungushe kwa kamba ndefu dakika 20 kila siku ili "nguvu zimwishe", kwa sababu ameanza kuuma mikono. Pia nina tandiko langu la zamani. Litamfaa baadaye?

---

Kamba_Legevu

Usimzungushe, ndugu yangu. Kwenye duara mguu wa ndani unabeba uzito kwa pembe kwa kila hatua, na gegedu za mtoto hazijakomaa kwa mzigo huo. Zaidi ya hapo, unamjengea pumzi. Baada ya mwezi dakika 20 hazitamchosha, utahitaji 40. Nguvu zake zimalizwe na mwenzake malishoni.

Kuuma kuna chanzo, na mara nyingi ni vipande vya karoti kutoka mkononi. Acha kabisa. Zawadi iingie kwenye ndoo, na ndoo iwekwe kabla hajaomba. Usimpige puani, kwa dume mchanga huo ni mwaliko wa mchezo. Simama ubavuni mwake karibu na bega badala ya mbele ya kichwa, mpe mikono kazi, na akigeuza mdomo akute kiwiko chako kimeshafika hapo. Akihasiwa na akipata mwenzi, nusu ya tatizo huondoka yenyewe.

Mafunzo: dakika 10, mara 3 kwa wiki, zinatosha mwaka mzima. Kwanza kuachia mvuto. Vuta kamba kwa uzito wa vidole viwili kuelekea pembeni, si mbele moja kwa moja, kwa sababu akivutwa mbele atakaza shingo na kukaa kitako. Ngoja. Akisogeza hata mguu mmoja, legeza papo hapo. Anachojifunza ni kulegea kwa kamba. Ukichelewa sekunde mbili ameshafanya kitu kingine na hicho ndicho ulichomfundisha. Hatua moja kushoto, moja kulia, kisha mbili, mpaka anatembea. Fanya upande wote wa kushoto na wa kulia tangu siku ya kwanza. Nyingine ni kurudi nyuma hatua mbili kwa kidole kifuani, itakusaidia kila siku kwenye lango.

Miguu: telezesha mkono kutoka begani hadi chini, ukifika pale anaposhtuka simama hapo hapo na mkono utulie. Ondoa akitulia, usiondoe akirusha. Akizoea, inua kidogo, hesabu moja, rudisha wewe kabla hajaunyang'anya. Miguu ya nyuma usiivute kwenda pembeni, nyonga ya mtoto haipendi. Inue chini ya tumbo lake kisha rudi nayo nyuma taratibu, kimo cha chini.

Kufunga kuje mwisho, akishaelewa kuachia mvuto. Funga kwenye kitanzi cha uzi unaokatika, usawa wa mabega yake au juu zaidi, kamba isizidi urefu wa mkono. Mtoto aliyefungwa kabla ya kuelewa hujitupa nyuma kwa uzito wote, na shingo huumia mahali ambapo hutapaona kwa miaka.

---

Zizi_Wazi

Kwa hapo kwenye kufunga natofautiana kidogo na Kamba_Legevu. Uzi unaokatika ukimkatikia mara mbili, amejifunza kwamba kuvuta kunafungua. Mimi huona ni heri kuzungusha kamba mara moja kwenye nguzo laini bila fundo na kushika ncha, iteleze kwa upinzani, hadi mwaka wa pili. Lakini tunakubaliana kwamba asifungwe akaachwa peke yake.

---

Kamba_Legevu

Njia yako ni salama zaidi kama mtu yupo muda wote. Naikubali kwa huyu.

Kuhusu tandiko na kubeba mtu. Sehemu za ukuaji hufunga kuanzia chini kwenda juu. Juu ya goti hufunga karibu miaka 2 na nusu, na uti wa mgongo ndio wa mwisho, miaka 5 na zaidi. Kuna pia meno: kati ya miaka 2 na nusu na 4 na nusu anabadilisha meno 24 ya utotoni, mdomo unauma, na lijamu inamfundisha kuogopa mkono. Daktari aangalie mdomo kila miezi 6 katika kipindi hicho, na yale meno madogo ya mbele ya magego yakaguliwe kabla ya lijamu yoyote. Kwa hiyo mtu mwepesi, mwendo wa kutembea, dakika 15, akiwa na miaka 4. Kabla ya hapo mtembeze barabarani kwa kamba, avuke madaraja, aone magari, apande gari la kusafirishia na kushuka.

Lakini mtu huyo huenda asiwe wewe. Mzigo wote, pamoja na tandiko, usizidi asilimia 20 ya uzito wake, na kwa mgongo mchanga 15 ni bora. Kilo 220 zinakupa kilo 44 za juu kabisa. Tandiko peke yake ni kilo 5 hadi 8. Huyo ni mtoto wa shule. Mtu mzima anayetaka kumtumia poni wa kimo hicho humfunza kukokota kigari, na poni wengi huipenda kazi hiyo. Aanze akiwa na miaka 3 kutembea na wewe nyuma yake ukishika hatamu ndefu, bila mzigo.

Tandiko la zamani halitamfaa: limetengenezwa kwa mgongo mwingine. Ukitaka kulitumia kwa farasi mwingine, kunja mikanda ya ngozi pale inapopita kwenye pete na uitazame upande wa ndani. Ikionyesha nyufa, mikanda ibadilishwe yote. Ligeuze pia ulikandamize kati ya magoti. Likilalama au likipinda katikati, fremu imevunjika, halirekebishiki nyumbani.

---

Pima_Kwanza

Nyongeza ndogo kabla hujaenda kumchukua: mwombe muuzaji nyasi kavu za siku 10 za aina anayokula sasa. Siku 3 za kwanza robo iwe ya kwako, kisha nusu, kisha robo tatu. Na uulize alipewa dawa gani ya minyoo mara ya mwisho na tarehe gani, kwa maandishi, maana Darubini atahitaji kujua hilo ili hesabu ya mayai iwe na maana.